Uta Haujawa Uta Mpaka Ujaribiwe

Watu wengi wakiuona uta umetundikwa ukutani, umechongwa vizuri na kupakwa mafuta hata unang'aa, husema kwamba kazi ya fundi imekwisha. Mimi nami nilikuwa mmoja wa watu hao, mpaka mwezi wa Agosti niliporudi kwetu upande wa Kehancha, nikapata somo ambalo alama yake ingali shavuni mwangu. Naandika habari hizi kwa faida ya wale ambao, kama mimi, wamekaa ofisini siku nyingi wakasahau jinsi vitu vya mikono vinavyofanywa. Na kwa faida ya vijana ambao wangependa kuijua kazi hii wakati wazee wanaoijua wangali nasi.

Sababu ya Safari

Mimi ni karani wa serikali mjini Homa Bay. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, anasoma katika shule moja ya mjini humo. Waalimu walitangaza kwamba mwisho wa Septemba itafanywa siku ya mila, na kila mtoto atafute kitu kimoja cha kwao, akilete, na aweze kueleza mbele ya wageni jinsi kinavyofanywa na kazi yake ni nini. Wenzake wengi ni Waluo, nao hawakukawia kuchagua. Mmoja alisema ataleta nyatiti ya babu yake, wa pili orutu, wa tatu mkuki na ngao ya ngozi. Maana Waluo wa zamani walisifika zaidi kwa mkuki na ngao kuliko kwa uta, ambao wao huuita atung'. Mwanangu, kwa kuwa sisi ni Wakuria, alisema kwamba ataleta uta, tena atapiga mshale mbele ya watu wote.

Nikamjibu, "Hilo ni jambo dogo." Laiti ningalijua!

Nilichukua likizo ya siku 14, nikapanda gari mpaka Rongo, na kutoka hapo nikafuata barabara kuu ipitayo Migori kuelekea Isebania, mpakani mwa Tanzania. Kabla ya kufika Isebania niliiacha barabara hiyo, nikakata kwenda mashariki mpaka Kehancha, na mwendo uliobaki nikaumaliza kwa pikipiki. Mzee niliyemwendea ni ndugu wa marehemu baba yangu, nami humwita tata, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kikuria. Katika ujana wake alitengeneza nyuta nyingi, na hata sasa, ingawa macho yake yamepungua nguvu, vijiti vya uta havikosekani katika dari ya jiko lake.

Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, nilimweleza haja yangu. Hakujibu upesi. Aliniuliza, "Uta huo ni wa nini, mura?"

Msomaji asishangae kwa swali hilo. Uwindaji wa wanyama pori ulikatazwa katika Kenya mwaka 1977, na kwa hiyo uta hauna tena kazi ya kuleta nyama nyumbani. Lakini katika ugomvi wa koo na katika wizi wa ng'ombe, mishale imewaua watu wa pande zote, nasi wenyeji tunayajua makaburi yao. Mzee huyu alikwisha kuapa zamani kwamba hatamchongea mtu uta asiyeijua kazi yake. Niliposema kwamba ni wa mtoto, wa kuonyeshwa shuleni, uso wake ulikunjuka.

"Vema," akasema. "Mkono wake una urefu gani?"

Nikanyamaza. Najua mshahara wangu mpaka senti ya mwisho, na najua namba za mafaili yote ya ofisi yetu, lakini sikujua urefu wa mkono wa mwanangu.

Uzi wa Kipimo

Ilibidi nipige simu nyumbani. Mama watoto alimsimamisha kijana, akamwambia anyoshe mkono wa kushoto kana kwamba ameshika uta, na wa kulia auvute mpaka shavuni, naye akapima kwa uzi kutoka ngumi hata shavu. Akaniambia ni inchi 22. Mzee akakata kamba yenye urefu huo, akaifunga kwenye mwimo wa mlango. "Sasa tunajua uta huu unakwenda wapi," alisema. "Uta usiojua mwisho wa safari yake hauwezi kujaribiwa."

Kisha alipanda darini akashusha vijiti viwili. Vyote vilikuwa vya mti wa jamii ya mkole, ule ambao Waluo huuita powo, mti ambao watu wa nchi nyingi za Afrika wameutumia kwa fimbo na kwa nyuta kwa sababu ni mgumu lakini hukubali kupindwa. Vilikuwa vimekaa humo mwaka mzima na zaidi, vikikauka polepole mbali na jua. Mti mbichi ukifanywa uta hupindika, lakini haurudi. Hubaki umepinda kama mgongo wa kikongwe. Nao mti uliokaushwa kwa haraka juani hupasuka kuanzia nchani kabla haujaguswa na tezo.

Nilidhani kwamba kuchonga ndiko kazi yenyewe. Kumbe kuchonga kulichukua siku mbili tu. Upande wa nje wa kijiti, yaani upande utakaoitazama shabaha, mzee alitoa ganda tu na wala hakuugusa tena kwa chuma. Upande wa ndani, unaomwelekea mwenye kuvuta, ndio alioupunguza, kwanza kwa tezo, kisha kwa kisu, akifanya kati pawe panene pa kushika na ncha ziwe nyembamba.

Nilipomwuliza sababu, aliniambia nikunje kiwiko changu nikiangalie. Ngozi ya nje hunyoshwa, na ngozi ya ndani hujikunja. Ndivyo ulivyo uta unapovutwa. Upande wa nje hunyoshwa, na ikiwa nyuzi za mti zimekatwa hata mahali pamoja, hapo ndipo utakapochanika. Upande wa ndani husongwa, na ikiwa pana mahali palipo dhaifu, hapo patafanya mikunjo midogo ambayo huifuata siku ya kuvunjika.

Majaribio ya Kwanza

Siku ya tatu asubuhi uta ulikuwa mzuri sana machoni pangu. Nikatoa pesa mfukoni. Mzee alizitazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Huu bado ni kijiti."

Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi. Aliusimamisha ncha moja chini, akashika ncha ya juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akausukuma katikati kidogo tu, akitazama jinsi unavyopinda. Akaugeuza, akafanya vile vile upande wa pili. Mahali palipokataa kupinda alipatia alama ya mkaa, akapakwangua kwa ukali wa kisu mara chache, kisha akapima tena.

Jaribio la pili lilihitaji upote. Mzee alikuwa na upote wa ukano wa ng'ombe alioupota mwenyewe, lakini kwanza alitumia kamba ndefu iliyolegea. Aliulaza uta juu ya panda ya nguzo iliyochimbiwa uani, akafunga kamba ya pili katikati ya ile ya kwanza, akanipa mimi niivute chini. "Vuta kama mtu anayeamsha mtoto," akaniagiza. Yeye alikwenda kusimama hatua kumi mbali. Mimi niliyekuwa karibu sikuona kasoro yo yote. Yeye, ijapokuwa macho yake ni mabovu, aliona mara moja kwamba nusu ya kushoto inapinda kuliko nusu ya kulia.

Hapa ndipo penye siri kubwa ya kazi hii. Mtu asiyejua hutaka kuparekebisha mahali panapopinda mno, lakini hapo hapaguswi kamwe, kwa kuwa mti uliokwisha kuondolewa haurudishwi. Hupunguzwa pale panapokaidi, mpaka pakubali kufanya kazi sawa na penzake. Na kila baada ya kukwangua, uta huvutwa mara 20 au 30 kwa kiasi kile kile kidogo, ili mti ujifunze, ndipo utazamwe tena. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini uta hukunjwa ukiwa mkavu, na kwa hiyo hutaka subira zaidi.

Nami nilichangia ujuzi wangu. Nilikuwa nimechukua kutoka Homa Bay mizani ya kuning'iniza, ya aina ile ambayo wachuuzi ufukoni huitumia kwa kupimia mbuta. Tuliitia kwenye kamba ya kuvutia. Mzee alicheka sana kuona uta unapimwa kama samaki, lakini alipoona kwamba sindano inampa hesabu, akaacha kucheka akaitumia. Kwa inchi 10 ilionyesha kilo 4. Kwa inchi 13, kilo 5 na nusu. Kufikia jioni ya siku ya tano, uta ulikuwa umefika inchi 16, umetiwa upote wake mfupi wa ukano, na mikono yake miwili ilipinda sawa kama mwezi mwandamo. Zilibaki inchi 6 kufika kwenye kipimo cha kijana.

Kosa Langu

Asubuhi ya siku ya sita mzee alikwenda kumwona jirani aliyekuwa mgonjwa. Aliutundika uta kwenye mwimo wa mlango, karibu na ile kamba ya kipimo, ukiwa na upote wake. Hakunikataza kuugusa, kwa kuwa hakudhani kwamba mtu mzima anahitaji kukatazwa.

Niliushika. Ulikuwa mwepesi, na ulikaa mkononi kama kitu kilichozaliwa hapo. Vijana wawili wa boma walikuwa wakinitazama, nami nikataka kuwaonyesha kwamba karani wa Homa Bay ni Mkuria bado. Nikaweka mshale, nikavuta. Ulipofika kifuani sikuona uzito wo wote, maana ulikuwa uta wa mtoto. Basi nikaendelea kuvuta mpaka sikioni, kama wavutavyo wanaume.

Sikusikia mlio wa kuonya. Nilisikia kishindo kimoja kama cha bunduki, na mara nikaona nimeshika kipande kifupi, na kipande cha juu kinaning'inia kwenye upote, na damu inanitiririka shavuni. Kibanzi kilikuwa kimeingia chini ya jicho langu la kushoto, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye jicho lenyewe. Katika kituo cha afya walikitoa, wakanishona nyuzi tatu.

Mzee alinikuta nimekaa kivulini na bandeji usoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujitetea, nayo yote yalinipotea. Hakunigombeza. Aliokota vipande, akavitazama palipovunjika, akavileta karibu na macho yake, akanionyesha.

"Mti huu haukuwa na kosa," alisema. "Hapana fundo, hapana mdudu. Tulikuwa tumeufundisha kufika inchi 16, wewe ukaupeleka kwa nguvu mpaka mkono wa mtu mzima. Mimi niliyeuchonga sijathubutu kuuvuta inchi 17."

Nikapima urefu wa mvuto wangu kwa uzi ule ule: inchi 28. Yaani niliuvuta inchi 12 zaidi ya mahali ulipokwisha kujaribiwa.

Msomaji, usiku ule sikulala upesi, na si kwa sababu ya maumivu. Nilikuwa nikikumbuka kwamba siku ya tatu nilitoa pesa nikitaka kuondoka na kile kijiti. Kama mzee angalikuwa mtu wa kupokea pesa na kunyamaza, kingalivunjikia mkononi mwa mwanangu, mbele ya waalimu na wageni, naye ni mfupi kuliko mimi. Kibanzi kile ambacho kwangu kilipita chini ya jicho sijui kwake kingalipita wapi.

Mazungumzo ya Jioni

Kabla ya kulala tulikuwa tumeketi jikoni, na mzee, labda kwa kutaka kunifariji, aliniuliza kama katika vitabu vyangu pana habari za nyuta za watu wengine. Nilimwambia yale niliyoyasoma.

Nilimweleza juu ya Wahadza wa Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania ya leo, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, ambao hata sasa huwinda kwa uta, na ambao huipasha mishale yao motoni na kuinyosha kwa meno. Nikamweleza juu ya Wawaata wa nyuma ya pwani yetu ya Kenya, waliowinda ndovu kwa nyuta nzito na mishale ya sumu katika nchi ya Tsavo. Nyuta nyingine zao zilihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, yaani kilo 45 na kupita. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. "Huo ndio uta ambao fundi wake hana ruhusa ya kukosea," alisema.

Kisha nikamwambia kwamba hata Waingereza walikuwa watu wa uta. Katika mwaka 1545 manowari ya Mfalme Henry wa Nane iitwayo Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth, na ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, wapiga mbizi walikuwa wamekwisha kupata ndani yake nyuta zaidi ya 130. Mwaka ule ule wa 1545 mwalimu mmoja jina lake Roger Ascham alitoa kitabu juu ya kupiga mishale, kiitwacho Toxophilus. Humo anamshauri mtu aliyenunua uta mpya asiuhesabu kuwa tayari, bali kwanza autumie sana, kisha aurudishe kwa fundi stadi aukwangue na kuurekebisha kufuatana na jinsi ulivyojionyesha katika kazi. Mzee alifurahi kusikia hayo kuliko habari ya manowari. "Kumbe fundi ni fundi," akasema, "hata akiwa Mzungu."

Mwisho nilimpa habari ya mtu wa barafu. Katika mwaka 1991 wasafiri wawili walikuta maiti ya mwanamume katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Wataalamu walipompima waliona kwamba alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na barafu ilikuwa imemhifadhi na mali yake yote. Karibu naye palikuwa na uta mrefu kuliko yeye mwenyewe, lakini haukuwa umemalizika. Alama za kuchonga zilikuwa zingalipo. Katika podo yake mlikuwa na mishale 14, na katika hiyo ni miwili tu iliyokuwa tayari. Na mwaka 2001, alipopigwa picha ya eksirei, ilionekana ncha ya mshale wa jiwe ndani ya bega lake la kushoto. Alikuwa amepigwa kutoka nyuma.

Mzee alikaa kimya muda mrefu akichokoa moto. "Masikini," akasema. "Nani aliyemkimbiza kabla hajamaliza uta wake?"

Uta wa Pili

Asubuhi iliyofuata alikitwaa kijiti cha pili. Hakikuwa kizuri kama cha kwanza. Kilikuwa na kijipindo kidogo karibu na ncha moja. Lakini jambo lililonishangaza ni kwamba aliifungua ile kamba ya inchi 22 kutoka mlangoni, akafunga nyingine ya inchi 28, yaani mkono wangu mimi.

"Tata," nikasema, "mwenye uta ni mtoto."

"Kosa lako limenifundisha," alinijibu. "Nilipima mkono wa mtoto nikasahau mikono ya wanaomzunguka. Siku ile ya shule, mkubwa mmoja atauomba, atauvuta mpaka sikioni kama ulivyofanya wewe. Uta huu utakuwa mwepesi kwa mtoto, lakini ujaribiwe mpaka mkono wa mtu mzima."

Ili ukubali kuvutwa hivyo, aliuacha uwe mrefu zaidi ya ule wa kwanza, maana uta mrefu haukunjwi sana unapovutwa mbali. Tukaanza tena: kwanza chini kwa mkono, kisha kwenye panda ya nguzo, inchi moja moja, tukikwangua na kuvuta mara 30, tukisimama mbali na kutazama. Likizo yangu ilikwisha tukiwa katika inchi 19. Nilimwomba nauchukue hivyo hivyo, kwa kuwa mwanangu hahitaji zaidi ya inchi 22. Alikataa. Nikarudi Homa Bay mikono mitupu, na kijana wangu alipoona kovu badala ya uta hakuficha masikitiko yake.

Baada ya majuma matatu mzee aliniletea habari kwa simu ya jirani. Siku ya Jumamosi nilikwenda, nikamkuta ameufikisha inchi 28. Mizani yangu ya samaki ilionyesha kilo 9 kwa inchi 22, na kilo 12 kwa inchi 28. Lakini jaribio la mwisho lilikuwa bado, nalo ni la mishale. Alikuwa amekwisha kupiga mishale 60 kwa siku nne, kwanza kwa nusu ya mvuto na kuongeza taratibu, nyakati za asubuhi penye umande na za mchana penye joto, kwa kuwa upote wa ukano hulegea ukipata unyevu. Mimi na yeye tulipiga 40 nyingine ili zitimie 100.

Kisha alifungua upote, akaniuliza uta umebaki umepinda kiasi gani. Niliuweka juu ya ubao ulionyoka, nikaona umeacha nafasi ya vidole viwili. "Hiyo ni desturi," akasema. "Ingekuwa kiganja kizima ningalijua kwamba mti umechoka au una maji." Halafu akachukua fumba la pamba, akalipitisha polepole juu ya upande wa nje kutoka ncha hata ncha. Kama pangekuwa na ufa ambao jicho halioni, pamba ingalinaswa. Haikunaswa popote. Upande wa ndani akautazama mbele ya jua akitafuta mikunjo. Haikuwapo.

Ndipo akaupaka mafuta, akanikabidhi. Nilipompa pesa alizihesabu, akanirudishia sehemu. Nikamwambia kwamba hata ule wa kwanza ni haki yake kulipwa, maana niliuvunja mimi. Akasema, "Ule haukuwa uta. Siwezi kuuza kijiti." Kisha aliniagiza mambo matatu nimfundishe mtoto: asiuache na upote usiku kucha, asiuvute na kukaa ameushikilia huku akizungumza, na asiachie upote kamwe pasipo mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingalichukuliwa na mshale haina mahali pa kwenda ila kurudi ndani ya mti na kuuvunja.

Siku ya Shule

Siku ya mila ilifika. Palikuwa na nyatiti na orutu, na ngao, na mitego ya samaki, na watu wengi. Mwanangu alisimama mbele akaeleza habari za uta bila kusoma karatasi. Alipiga mishale mitano kwenye gunia lililojazwa nyasi. Mitatu iliingia, miwili ikapita kando, na watu wakapiga makofi kwa yote.

Ndipo mmoja wa wageni wakubwa, mtu mrefu mwenye mwili mpana, aliinuka katika kiti chake, akasema, "Hebu kijana, nipe nijaribu." Akaushika, akauvuta mpaka sikioni, akasimama hivyo akitabasamu ili apigwe picha. Hakuwa na mshale. Mkono wangu ulikwenda wenyewe shavuni palipo na kovu. Uta haukulia wala haukuyumba.

Lakini mwanangu alisogea mbele hatua moja, akasema kwa adabu, na kwa sauti iliyosikika na wote, "Samahani, mzee, usiuachie. Urudishe polepole."

Yule mkubwa alimtazama, akacheka, akaurudisha polepole kama alivyoambiwa.

Ndugu msomaji, katika boma lako au ofisi yako huenda liko jambo ambalo umekwisha kulipaka mafuta na kulitundika ukutani. Mwenda pole hajikwai. Kabla hujampa mtoto wako, jiulize ni inchi ngapi umelijaribu.